Kidole cha Bahari

Jamani, aibu haina dawa! Muulizeni Ignasi, msoma maji wa gati la Kilwa Masoko. Miaka kumi na mmoja, kwa mvua, kwa jua, kwa homa, alikwenda gatini kila siku kusoma ubao wa vipimo na kuandika kimo cha maji kitabuni. Kisha biashara zikafunguliwa, mshahara ukawa haununui hata doti ya kanga, naye akaenda kuweka meza ya mitumba Somanga. Mwaka mzima wa mvua za El Niño hakukanyaga gatini.

Na kitabu je? Alinakili vipimo vya mwaka uliotangulia. Tena si kijinga! Alifuata umri wa mwezi: siku ya bamvua, maji yajaapo sana, akaandika bamvua; siku ya maji mafu, yasipopanda wala kushuka sana, akaandika maji mafu. Bahari ni ileile, alijiambia, nani atanishika?

Ndipo akaja Scholastica, mtaalamu wa bahari kutoka Dar es Salaam. Akaketi naye barazani, akakipakata kitabu kwa heshima.

"Mzee Ignasi, upepo na joto vina lao, lakini kuna na hili. Mvua ikinyesha nchi kavu, maji hukaa kwanza udongoni, mabwawani, visimani. Bahari za dunia hupungukiwa. Yakirudi kwa mito, huongezeka. Ni upana wa kidole tu, hauonekani bila vipimo vya kila siku. Nilidhani mwaka wa El Niño kidole hicho kingesogea. Kumbe kwako hakikutikisika! Nitawaeleza wenzangu. Pwani yote hii, kitabu chako tu ndicho kisicho na pengo."

Ignasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama wa watu angekwenda kuadhirika kwa uongo wake.

"Mama," akasema, macho chini, "mwaka ule sikusoma. Nilinakili."

Scholastica hakufoka. Afadhali angefoka! Alifunua kurasa za nyuma taratibu, moja baada ya nyingine.

"Na miaka hii mingine?"

"Hiyo ya kweli! Haki ya Mungu, mama, niliisoma kwa macho yangu haya!"

"Nitajuaje, mzee?"

Ignasi akahesabu moyoni. Miaka kumi na mmoja, na shahidi hana hata mmoja. Scholastica akakifunga kitabu, akamrudishia.