Mwenzangu wa Shule ya Matayarisho

Uhuru ulikuwa bado, ila Waingereza walikwisha kujua kwamba unakuja. Jeshi la Keya, jeshi lao la Afrika Mashariki, lilijaa askari wetu, lakini maofisa wake karibu wote walikuwa Wazungu. Ndipo ikafunguliwa shule ndogo pembeni mwa mji wa Singida, ya kuwatayarisha vijana waliosoma kidogo kabla ya kupelekwa kwenye usaili wa chuo cha maofisa ng'ambo. Nilichaguliwa kutoka kijijini kwetu Mungaa. Nilikuwa kijana mwembamba, najua Kiingereza cha vitabuni, na sijawahi kuvaa buti.

Mama hakutaka niende. Mdogo wake alichukuliwa kwenda Bama, mbali huko Asia, wakati wa vita vya pili vya dunia, na hakuna mtu aliyewahi kuja kutueleza alizikwa wapi. Asubuhi ya kuondoka alinifungia viazi vya kuchemsha, akanipa mkononi, akasema, "Haya, nenda," kisha akaingia ndani kabla sijafika hata njiani.

Bwenini kitanda changu kilipakana na cha kijana kutoka Iguguno. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka bila sauti. Baba yake alikuwa askari wa Keya aliyerudi kutoka Bama na mguu mmoja usiokunjika vizuri. Mzee huyo alianza kumfundisha mwanawe kwata hata kabla hajampa ndama wa kuchunga. Alfajiri alikuwa akimwamsha akimbie hadi kisimani na kurudi, na akirudi anakaguliwa kucha na kola. Kwa hiyo mambo yaliyotutoa jasho sisi, yeye aliyafanya kama mtu anayetembea nyumbani kwao. Sajini aliyetufundisha, Mwafrika mtu mzima asiyependa kusifu, alikuwa akimsimamisha mbele na kutuambia, "Mtazameni huyu. Halafu jitazameni nyinyi."

Tulijifunza gwaride, kusoma ramani, kula kwa uma na kisu, na kuongea Kiingereza cha mezani, maana mkuu wa shule, Mzungu aliyestaafu jeshi, alisema ofisa hujulikana kwa jinsi anavyoomba chumvi. Mwenzangu alikuwa akinicheka nikifukuza maharage kwenye sahani. Jumapili baada ya ibada tulipanda juu ya yale mawe makubwa yanayotazama ziwa, tukakaa kwenye upepo. Huko ndiko alikoniambia kwamba hataki jeshi. Alitaka kuwa bwana mifugo. Utotoni aliona mmoja amekuja kwao kuchoma sindano ng'ombe wakati wa maradhi, na tangu siku hiyo hakutamani kazi nyingine.

"Umemwambia baba?" nilimuuliza.

"Nitamwambiaje? Ana mtoto mmoja tu wa kiume."

"Mama je?"

"Mama anajua. Mama hajaulizwa."

Kiangazi kilipoanza, baba yake alikuja kututembelea. Alishuka kwenye lori la mtama akiwa amevaa koti zito la jeshi katika jua lile, vifungo vyote vimefungwa. Alisimama pembeni ya uwanja, akatazama gwaride hadi mwisho. Tulipopewa ruhusa, mwenzangu alikwenda mbio, akapiga goti mbele yake kama tulivyolelewa.

"Shikamoo baba."

Mzee hakuitika marahaba. Alivuta ule mguu mbovu ukae sawa na mwingine, akanyoosha mgongo, akampigia saluti mwanawe mwenyewe.

"Simama," alisema. "Ofisa hampigii goti askari."

Mwenzangu alisimama, akairudisha ile saluti. Mzee alicheka kwa furaha, akatushika mikono sisi sote mmoja mmoja. Jioni ile, tukikunja nguo bwenini, mwenzangu aliniambia, "Sasa siwezi tena kumwambia."

Haukupita muda mrefu, homa ya uti wa mgongo ikaingia mjini. Upepo ulikuwa mkali, vumbi kila mahali, na watu walianza kufa katika vijiji vya jirani. Asubuhi moja kengele ililia, mwenzangu hakuamka. Nilimtikisa. Alisema shingo haigeuki, akaniomba nizibe dirisha kwa sababu mwanga unamuumiza. Niliziba dirisha kwa blanketi langu, nikakimbia kumwita sajini. Sajini hakungoja machela. Alimbeba mgongoni kama mama abebavyo mtoto, miguu ile mirefu ikiburuta chini, akampeleka kwenye Landrova ya shule. Walimkimbiza hospitali ya misheni. Sisi tulikatazwa kutoka nje ya ua.

Hakumaliza wiki. Sajini alitupanga mstari ili atupe habari. Alianza, "Kijana wetu," akageukia ukuta. Tukaendelea kusimama wima kwa sababu hakuna aliyetuambia tulegee.

Alizikwa kwao Iguguno bila hata mmoja wetu kuwepo, maana marufuku ya kutoka ilikuwa haijaondolewa. Ilipoondolewa, niliomba nipeleke sanduku lake la nguo. Sajini alinitafutia lori.

Niliwakuta wazazi wake uani. Mama yake alikuwa amenyolewa nywele, ameketi kwenye ngozi. Baba alikuwa kwenye kigoda karibu na zizi, kifua wazi, shuka kiunoni. Niliwaamkia, nikauliza sanduku niliweke wapi.

"Mpe yeye," mama alisema, bila kumtazama mumewe. "Mimi mwanangu nilikwisha kumpata siku nilipomzaa. Aliyetaka vitu vya jeshi ni huyo."

Mzee alipokea sanduku, akaliweka magotini. Hakulifungua. Aliniomba nimweleze jinsi mwanawe alivyokuwa kwenye kwata, nami nikamweleza yote: jinsi alivyosimamishwa mbele, jinsi alivyosoma ramani kuliko sisi sote, jinsi sajini alivyombeba. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ili mkewe asisikie:

"Alikuwa anaipenda kazi hii?"

Nilitazama ng'ombe zizini.

"Alikupenda wewe, baba," nilisema.

Aliinua uso akanitazama. Nadhani alielewa. Alisema tu, "Ahsante, mwanangu," akasimama na sanduku, akaelekea ndani akiburuta ule mguu. Mama ndiye aliyenipa maziwa na kunisindikiza hadi barabarani.

Nilirudi shuleni. Kitanda cha jirani kiliachwa kitupu, godoro limechomwa, vimebaki vyuma tu. Wakati wa mtihani wa usaili niliandika vizuri kuliko nilivyotegemea. Nikapita. Tuliondoka wachache kwenda chuo cha ng'ambo, tukapandia treni Itigi, na treni ilipoanza kukata vichaka vile vikavu niligundua kwamba sina furaha niliyokuwa nimeingoja. Nikawa ofisa. Nilitumikia miaka mingi, sikupelekwa kwenye vita vikubwa, na mama aliishi hadi akaniona nimestaafu mzima.

Iguguno nilipita mara moja, nikiwa luteni, baada ya uhuru. Nilibadili sare njiani, nikavaa shati la kawaida. Mzee alikuwa amekwisha kufariki. Mama yake mwenzangu alinitambua kwa shida. Aliwaita wajukuu wake, watoto wa binti zake, waje waniamkie, akanipikia ugali wa uwele na mlenda, akaketi kando kunitazama nikila. Hakuniuliza neno lolote kuhusu jeshi. Aliuliza kama nimeoa. Nilipomwambia nina mtoto wa kiume, aliuliza anapenda nini.

Nikamwambia bado mdogo, hajui.

"Akijua," alisema, "msikilize."