Sufi Ndani ya Lori la Nasor

Baba yangu mdogo Sadalla alikuwa dereva, na dereva enzi za Mwingereza hakuwa mtu wa kuitwa "wewe". Sisi wa Gerezani tulitembea kifua mbele kwa ajili yake. Aliendesha lori la Bwana Nasor, mwenye duka la nafaka Kariakoo. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu. Bati lililotenga injini na miguu ya dereva lilichoma kama kikaango, na kelele zake ungedhani kinu kinatwanga mawe.

Siku moja Nasor akamwambia, "Ijumaa tunakwenda harusini Bagamoyo, mimi na Bi Mauza. Mke wangu akilalamika joto au kelele, ufunguo utauacha mezani."

Sadalla akahangaika. Rajabu, dereva mwenziwe, akamshauri agongomee ngozi ya ng'ombe juu ya bati.

"Imnukie Bi Mauza kama machinjioni?"

"Basi tia usumba wa nazi."

"Usumba unawasha. Yule hakuzoea."

"Haya, mtandikie godoro kabisa, mwana wa mshona magodoro!"

Rajabu alitania, Sadalla akalishika neno lile. Babu kweli alishona magodoro, na nyumbani kulijaa sufi, ile pamba nyepesi ya msufi. Sadalla akashona mito ya marekani, kile kitambaa kigumu cha pamba, akaishindilia sufi mpaka ikavimba, akaipigilia misumari kwenye bati lote na sakafuni. Nilimwona akiipapasa, anacheka peke yake.

Ijumaa lori likaondoka limetulia. Nasor alikaa katikati, Bi Mauza mlangoni, amejifukiza udi tangu alfajiri, nguo hata nywele.

"Sadalla, leo nasikia hata ndege," Bi Mauza akasifu.

"Usimsifu mtumishi," Nasor akasema. "Atavimba kama mito yake."

Mbele kidogo kukanukia moshi. Sadalla akadhani ni udi, na mwanamume hamwambii mke wa mtu kwamba ananuka moshi. Bi Mauza naye akadhani ni udi wake. Kumbe sufi ilikuwa ikiungua pole pole ndani ya marekani. Ulipochomoza ulimi wa moto, Nasor alimruka mkewe kama kizingiti akatoka. Buibui la Bi Mauza likanasa kwenye msumari. Sadalla akamkumbatia akamng'oa humo, miguu yake mwenyewe ikiungua.

Nasor akamtazama Sadalla pale barabarani. "Nani amekupa ruhusa ya kumshika mke wangu?"

"Bwana, alikuwa anaungua."

"Angeungua na heshima yake. Nipe ufunguo wangu."

"Uko humo motoni, Bwana."

"Basi kauchukue."

Bi Mauza alisikia yote. Akajifunika uso, hakusema neno, si siku ile wala baadaye.

Miguu ya Sadalla haikupona. Akakaa mkekani kwa Babu akishona magodoro, na wapita njia wa kwenda Kariakoo hawakumwacha: "Dereva, godoro hilo linakwenda Bagamoyo?" Hata Rajabu alicheka.

Mwaka uliofuata akaja msichana wa kazi wa kwa Nasor.

"Shikamoo, mzee. Bi Mauza anataka godoro. Anasema lisiwe la sufi, anaogopa moto."

"Marahaba. Mwambie nimesikia."

Hakuuliza kama kuna salamu. Akavuta gunia la usumba, akachagua ule mkavu, wenye miba miba, akaushindilia bila kuuchambua, akafunga mshono.