Sahani ya Bruda Anselmi

Wa rika langu watanielewa nikisema kwamba zamani kula kulikuwa na mahali pake. Palikuwa na mkeka, palikuwa na sinia, na kila mtu alijua anakaa upande gani. Asiyekuwepo alionekana, maana wali wa upande wake ulibaki haujaguswa, na lazima mtu aulize yuko wapi. Siku hizi wajukuu zangu wanapakua, kila mmoja anakwenda na sahani yake kwenye kona yenye chaji. Ukimuuliza mmoja kama mwenzake amekula, anainua macho kana kwamba umemuuliza habari za Ulaya.

Mimi nilikulia kando ya barabara iendayo Kilambo, kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Somoe. Tulikuwa Waislamu, wakulima wa korosho na muhogo kama karibu kijiji kizima. Majirani zetu walikuwa mabruda wa Kikatoliki, wanaume kumi na kitu wasiooa, walioishi katika nyumba moja ndefu ya mawe, wakisali pamoja, wakilima pamoja na kula pamoja. Hawakuwa mapadre, na hilo lilimchukua Bibi muda kulielewa. Aliona ajabu watu wawe na kanisa na kanzu, halafu washinde na majembe kama sisi.

Kengele yao ndiyo iliyokuwa saa yetu. Ya asubuhi ilitupeleka shule, na ya jioni ilitukuta katikati ya kombolela, tumejificha vichakani miguu ikiwasha kwa upupu. Msimu wa korosho tulikula mabibo hadi midomo ikababuka, na maji yake yakichuruzika kwenye sare ya shule, doa lile halitoki mpaka nguo ichakae. Mwalimu wetu hakuhitaji kuuliza nani alichelewa kwa kupitia mashambani. Alitazama vifua tu. Watoto wa leo wananunua juisi ya mabibo kwenye chupa, wananiambia ina vitamini.

Mabruda walikuwa na desturi moja ambayo sisi watoto tuliijua kwa kuchungulia dirisha la chumba chao cha kulia. Mmoja wao akifariki, mahali pake mezani hapaondolewi. Mwezi mzima wanaweka pale msalaba mdogo wa mti na sahani yake, wanampakulia kama wenzake, wanasali, kisha bruda mmoja anaibeba sahani ile na kuipeleka kwa mtu mwenye shida kijijini. Alipofariki Bruda Tomasi, seremala, sahani yake ilikwenda kwa mzee kipofu aliyekaa karibu na kisima. Mzee yule alinenepa mwezi ule, akawa anamtaja marehemu kila akibeua kwa shibe.

Na Novemba, siku yao ya kuwakumbuka marehemu, walikwenda makaburini na kusoma majina ya wenzao wote waliotangulia. Sisi tulikaa nje ya ua wa minyaa tukisikiliza. Majina tuliyashika mpaka wasichana tukawa tunayatumia kuhesabia kete kwenye mdako. Bruda Tomasi, Bruda Benedikti, Bruda Yoseph mkubwa, Bruda Yoseph mdogo. Hakuna aliyetukemea. Mabruda walipotusikia walicheka tu.

Sasa nije kwa Bruda Anselmi. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, mwenye chale usoni, mrefu kiasi kwamba kanzu zote zilimwishia juu ya vifundo. Alikuwa bwana bustani, na alikuwa mchunga nguruwe. Watoto tulimpenda kwa sababu siku ya kuoka mkate alitukatia zile ncha ngumu, za moto, akatupa mkononi bila kutuuliza sisi ni wa dini gani. Akicheka, mabega ndiyo yaliyocheka, sauti haitoki. Lakini alikuwa mbishi, na Bibi yangu naye hakuwa mtu wa kushindwa.

Mwaka mmoja, muhogo wetu wa karibu na nyumba ulifukuliwa. Mistari mizima imepinduliwa, mizizi imetafunwa, na ule ndio uliokuwa chakula chetu cha miezi ya njaa. Bibi alifuata nyayo hadi kwenye banda la mabruda, mimi nyuma yake. Bibi alikuwa Mmakonde wa kuzaliwa, na herufi r haikumkaa mdomoni hata siku moja.

"Buluda," akamwambia Bruda Anselmi, "nguluwe wako kanimalizia muhogo. Sitaki unilipe. Sema tu kwamba ni wako."

"Nguruwe wangu hawatoki bandani, Bi Somoe. Hao ni wa porini, wanapanda kutoka huko mtoni."

Nyuma yake nguruwe jike mweupe alikuwa amesimama akitutazama, udongo mbichi umemfika machoni.

Tangu siku ile Bibi hakumwamkia Bruda Anselmi, wala yeye hakujaribu kupita mbele ya baraza yetu. Akitaka kwenda kisimani alizunguka kwa nyuma, na sote tulimwona kichwa kinavyopita juu ya ua. Mwaka ule tulikula ming'oko tuliyochimba porini, na kila tulipokaa kula Bibi alikumbusha kwamba hakumdai yule mtu muhogo, alimdai neno moja.

Mwaka uliofuata, korosho zilipoanza kuanguka, Bruda Anselmi alishikwa na kifua. Hakukaa sana. Alizikwa jioni ambayo mwezi wa Ramadhani uliandama. Kijiji kizima kilikwenda, Waislamu kwa Wakristo, isipokuwa Bibi. Alikaa barazani anasuka ukili. Majirani waliporudi walimsihi amtolee marehemu radhi, mtu akishakufa hagombwi. Bibi akasema, "Hakusema. Tutaulizana mbele ya Mwenyezi Mungu." Nilikuwa mtoto, lakini maneno yale yaliniogopesha. Nilimpenda Bibi na nilimpenda Bruda Anselmi, na sikutaka wakutane huko mbele wakiwa bado wanagombana.

Kesho yake adhuhuri tukasikia hodi. Alikuwa Bruda Fidelisi, mdogo kuliko wote, kijana mwenye haya, amebeba sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Nilijua mara moja ni sahani gani.

"Shikamoo, Bibi."

"Malahaba. Nimefunga, Buluda."

"Ni ya Bruda Anselmi. Alituagiza mwenyewe, kabla hajakata kauli, kwamba sahani yake ije kwako."

Bibi akaacha kusuka. "Aliagiza nini kingine?"

"Hakuagiza kingine."

"Nguluwe hakumtaja?"

"Hakumtaja, Bibi."

Bibi akarudi kwenye ukili wake. Bruda Fidelisi akabaki amesimama juani, hawezi kuiweka chini sahani, hawezi kurudi nayo. Nilimtazama Bibi usoni, na Bibi hakutaka kunitazama. Mwisho akasema, bila kuinua kichwa, "Mtu aliyefunga haletewi chakula mchana. Njoo magalibi."

Jioni alikuja mapema mno, akasimama kando ya ua na sahani yake mpaka adhana ikalia. Ndani mlikuwa na muhogo wa nazi na kunde. Bibi aliutazama ule muhogo, kisha akauliza lile ambalo Mwislamu yeyote angeuliza.

"Umepikwa kwenye chungu gani?"

"Chungu kipya," akajibu Bruda Fidelisi. "Bruda Anselmi alikinunua mwenyewe kwa wafinyanzi, kabla hajalala kitandani. Alikiweka juu ya kabati, akakataza kisipikiwe chochote. Tulimuuliza cha nini, akasema siku yake itafika."

Bibi akaisogeza sahani karibu. Halafu akanyoosha mkono, akamega muhogo, akasema bismillahi, akala. Nami nikala naye. Sijui kama ulikuwa mtamu kweli au ni ile furaha, lakini hadi leo sijala muhogo ulionishinda kuacha namna ile.

Bruda Fidelisi alipotaka kuchukua sahani yake, Bibi alimzuia. Kwetu sahani ya jirani haikurudishwa tupu, na Bibi hakuona kwa nini kifo kibadilishe adabu. Akaijaza korosho za kukaanga.

"Hizi nimpe nani, Bibi?"

"Mwenye sahani."

Nilimfuata mbio hadi dirishani. Desturi yao ilijua chakula kinachotoka kwa marehemu, haikujua kinachoingia. Waliziweka korosho zile kando ya msalaba mdogo, wakazitazama sala nzima. Mkubwa wao akakohoa, akachukua moja, akasogeza sahani kwa mwenzake, nayo ikazunguka meza hadi ikabaki tupu. Mwezi ule wote mambo yalikuwa hayo. Magharibi futari ilikuja kwetu, na sahani ilirudi na ming'oko, au mabibo yaliyokaushwa, au maandazi. Nadhani ilifika mahali mabruda wakawa wanaingoja sahani kurudi zaidi kuliko sisi tulivyoingoja kuja.

Jioni ya mwisho, kesho ikiwa Idi, Bibi alikwenda mwenyewe kwenye shamba lile lile lililofukuliwa, alilokuwa amelipanda upya. Alichimba muhogo, akaumenya, akauchemsha, akaipanga sahani hadi ikafurika. Akamkabidhi Bruda Fidelisi.

"Mwambieni Buluda Anselmi," akasema, "nguluwe wa polini walibakiza."

Bruda Fidelisi alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe. Bibi naye akacheka, akajifuta macho kwa upande wa kanga. Nimesherehekea Idi nyingi tangu wakati ule, nyingine zenye mbuzi na nguo mpya, lakini hakuna niliyoiamkia nikiwa na raha kama ile. Novemba ilipofika na majina yakasomwa, Bibi alikuja kukaa nasi nje ya minyaa. Lilipotajwa la Anselmi nilimsikia akiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko mabruda wenyewe.

Bibi alikwishaondoka zamani. Nyumba ile ndefu ilifungwa, mabruda waliobaki wakahamishiwa kwingine. Bruda Fidelisi aliishi hadi uzee mrefu, na msimu huu wa korosho tumemrudisha kuzikwa pale pale kando ya wenzake. Baada ya maziko nilimuuliza bruda mmoja kijana ni nani atakayepelekewa sahani. Aliniuliza sahani gani. Siku hizi, akanieleza kwa adabu, kila mtu anapanga foleni na kujipakulia. Sikumlaumu, maana hata kwangu ni hivyo hivyo.

Nilirudi nyumbani kwangu mjini, Chikongola, nikatandika mkeka na kuweka sahani moja ya ziada. Wajukuu wakatoka kwenye kona zao kuja kuuliza nani anakuja. Nikawaambia kaeni niwaeleze, na kwa mara ya kwanza tangu Idi wakakaa wote. Tulipomaliza kula, nikamtuma mkubwa aipeleke sahani ya Bruda Fidelisi kwa jirani yetu Mama Jeni, ambaye hatujaamkiana tangu masika. Kuku wake walimaliza mchicha wangu wote, na yeye akasimama mlangoni akaniambia ni kunguru.

Kijana alikwenda akikuna kichwa. Sahani ilirudi kabla ya isha, imeoshwa, ndani yake mna mayai mawili ya kienyeji. Nimeyapokea, wala sikuuliza kuku aliyeyataga alishiba nini.