Ukuta wa Jikoni kwa Mshonaji

Fundi huyu walimwita Sikio, na jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka thelathini aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, kisha akatoa hukumu: huu wa kugawa vyumba tu, huu umebeba jengo. Wahandisi na ramani zao aliwacheka. Asichomwambia mtu, hata mkewe, ni kwamba sikio la kushoto lilikwishakufa kwa kelele za nyundo, na la kulia nalo lilikuwa linaaga. Aliona aibu. Fundi Sikio asiyesikia, nani angempa kazi?

Akaitwa na mama mmoja mshonaji, aliyekaa fleti ya chini na mumewe. Mume alikuwa wa kiti cha magurudumu, na kiti hakikupita mlango wa jikoni, hivyo mwaka wa pili huo alikuwa akila peke yake chumbani. Mama alitaka ukuta uondoke ili wapate kula meza moja. Fleti waliikodi kwa mkataba wa miaka mingi, na mkataba ulisema wazi kwamba ukuta usiguswe bila ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo na mhandisi wake. Barua alishapeleka tatu. Kimya. Akaamua kutosubiri tena.

"Unaweza kuvunjwa bila hatari, fundi?" mama akauliza.

Sikio akagonga, akainamisha kichwa kama kawaida yake. Hakusikia lolote. Mtu mzima na mvi zake, akadanganya kama mtoto.

"Mwepesi huu, mama. Haujabeba kitu."

Saa nne asubuhi nusu ya ukuta ilikuwa chini. Mama alikuwa akifagia vumbi, keshaamua meza ikae wapi. Mara akasimama.

"Fundi, dari inalia."

Fundi alikuwa amempa kisogo. Mama akamgusa bega, akarudia. Sikio akatazama juu, akakunja uso kama anayesikiliza.

"Hamna kitu. Jengo linajiweka sawa tu."

Mama akashika tena ufagio. Nani abishane na Sikio? Fundi akasukuma toroli la vifusi nje, na huko ndiko alikohisi ardhi ikitikisika chini ya nyayo zake. Alipogeuka, jikoni hapakuwapo tena.

Siku ya tatu baada ya mazishi ya mama, Sikio alikwenda kumpa pole mume, aliyekuwa amehamia kwa shemeji yake. Yule baba hakuitikia salamu.

"Alikuuliza. Nilimsikia toka chumbani. Hata hiyo dari niliisikia mimi."

Sikio akamgeuzia sikio la kulia, akaomba arudie. Mume akamtazama, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe husikii," akasema polepole.

Safari hii Sikio aliisoma midomo. Akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Hakuwahi kumkiria mtu jambo hilo kabla ya hapo.

"Ungemwambia yeye," mume akasema.