Mpaka Dallas Watakapotolewa

Balthazar hakuwahi kukanyaga barafu maishani mwake. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka kwa miguu akiwa na miaka kumi na miwili, akakulia na kuoa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na mwaka 2008 akaletwa Texas pamoja na mkewe Jeannette na binti yao Elvire, aliyekuwa bado mdogo. Miaka minane alipanga maboksi katika ghala karibu na uwanja wa ndege wa Dallas, upande wa Irving. Kisha miguu ikaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akamwambia kwamba figo zote mbili zimekufa. Tangu hapo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa moja jioni, alikuwa amelala kwenye kiti cha kliniki moja ya Arlington, sindano mbili mkononi, damu yake ikitoka, ikisafishwa na mashine, ikirudi.

Muuguzi wa zamu hiyo alikuwa Mkenya, jina lake Kezia, mcheshi ila mkali. "Mzee, usi-move huo mkono," alikuwa akimwambia kila akipita. "Ukiutingisha mashine inapiga kelele, na mimi nakuja na kelele zangu."

Kiti cha jirani kilikuwa cha Dorothea, mjane wa miaka themanini na moja, mrefu, mwenye sauti nzito, aliyewahi kuendesha basi la shule kwa miaka ishirini na tisa. Alitokea Minnesota, kule kwenye baridi kali. Kati ya viti vyao ilining'inia televisheni moja, na rimoti haikutoka mkononi mwa Dorothea. Yeye alitazama kitu kimoja tu: hoki ya barafuni. Mwanzoni Balthazar aliona watu waliovaa magodoro wakigombania kidude cheusi ambacho hata hakionekani. Lakini saa nne ni nyingi, na Kiingereza chake cha ghalani kilitosha kuuliza. Dorothea akamfundisha. Kufikia Krismasi ya pili alikuwa anajua kosa linalomtoa mchezaji dakika mbili, na alikuwa anampigia kelele mwamuzi kwa Kirundi. Alimwita Mama Dorothea, kwa kuwa hakuweza kumtaja mtu wa umri ule kwa jina tupu. Yeye akalipenda jina hilo, akawaambia wauguzi wote wamwite hivyo.

Mwanzoni mwa Machi 2018, timu ya Dallas ilikuwa imekaa ndani ya zile timu nane za magharibi zinazoingia mchujo wa kuwania kombe. Nyuma yake walikuwapo wengine watatu wanne, wamepishana kwa pointi moja moja. Siku moja Dorothea alizima sauti ya televisheni, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Nimezungumza na daktari," akasema. "Msimu ukiisha, sirudi tena hapa."

Balthazar alidhani anahama. "Unakwenda kwa binti yako Houston?"

"Siendi popote. Naacha mashine."

Katika chumba kile hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mtu akiacha mashine ana wiki moja ya kuishi, pengine mbili. Balthazar alitaka kukaa wima, akaukumbuka mkono, akabaki alivyo.

"Kwa nini, Mama?"

"Miaka sita, Balthazar. Sina huzuni, nimechoka tu. Nikitoka hapa nalala, nikiamka narudi hapa. Binti yangu amelia, sasa amenyamaza. Lakini nataka kuona Dallas wanaishia wapi. Wakiingia mchujo, nitakuja mpaka watakapotolewa. Wasipoingia, basi."

Usiku ule Balthazar alimwomba Elvire amtafutie kwenye simu ratiba ya mchujo. Elvire, aliyekuwa chuoni na aliyezoea kujibu Kiswahili cha baba yake kwa Kiingereza, alimwambia kwamba timu ikifika mbali inaweza kucheza mpaka Juni.

"Juni," Balthazar akarudia. Machi, Aprili, Mei, Juni. Tangu siku hiyo akawa mtu wa Dallas kuliko waliozaliwa Dallas.

Basi ndipo timu ikaanza kuanguka. Walisafiri kaskazini wakapoteza. Montreal, wakapoteza. Kule Toronto walifunga mabao matano na bado wakapoteza. Mechi hizo zilianza mapema jioni, na ubaya wake ni kwamba saa moja Kezia alikuja kuchomoa sindano, mechi ikiwa katikati. Balthazar alibanwa pamba mkononi macho yakiwa juu kwenye skrini, akatoka nje kwenye gari la Jeannette, akasikiliza redio mpaka nyumbani. Jeannette alifanya kazi hotelini tangu alfajiri, alikuwa amechoka, lakini hakuwahi kuizima ile redio.

"Hawa watu wamekuroga?" alimwuliza siku moja.

Ndipo akamweleza. Jeannette akasema, "Jambo hili tulipeleke kwenye jumuiya."

Jumuiya yao ya sala, Warundi familia kumi na mbili, ilikutana Jumamosi nyumbani kwa Franck, aliyekuwa mwenyekiti. Ilipofika zamu ya kutaja nia za sala, Balthazar alisimama. "Naomba tuwaombee vijana ishirini wa hapa Dallas," akasema, "ambao wanahangaika kupata nafasi."

"Ni wakimbizi wapya?" Franck akauliza.

"Hapana. Wanacheza hoki."

Walicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Balthazar alisubiri kicheko kiishe, akawaeleza habari za Mama Dorothea, tangu basi la shule mpaka kiti cha jirani. Hakuna aliyecheka tena. Walisali rozari nzima, na Franck akamalizia kwa kuwaombea makipa, kwa sababu alijua kwenye mpira hao ndio wanaoumia zaidi.

Timu ikapoteza Winnipeg. Ikapoteza Washington. Ijumaa iliyofuata walikuwa nyumbani na Boston, na Balthazar alitazama mwisho wa mechi akiwa kwenye kochi lake. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Boston wakafunga. Alikaa akiitazama skrini, mikono juu ya magoti. Alikuwa amezoea kungoja. Kambini alisimama mara nyingi mbele ya ubao wa majina ya wanaohamishiwa ng'ambo, asipate jina lake. Ila kule aliweza hata kwenda ofisini kuuliza, na kurudi kesho yake kuuliza tena. Hawa wa barafuni angewauliza nini, na wapi?

Mechi nane walicheza bila kushinda. Jumatatu ya Juma Kuu, Balthazar aliamua kusema.

"Mama, usifuate hawa. Hawajui kucheza. Fuata timu nyingine. Hata Minnesota, kwenu, wanacheza vizuri."

Dorothea alicheka hadi mashine yake ikapiga kelele na Kezia akaja mbio. Alipotulia, alinyoosha mkono wake ulio huru mpaka ukaufikia wa Balthazar.

"Sio timu inayoamua, rafiki yangu. Ni mimi. Timu ni tarehe tu. Unaelewa?"

"Naelewa," alisema Balthazar. Lakini hakuelewa, au hakutaka. Yeye mwenyewe alikuwa anapambana kwa ajili ya kila Jumatano na kila Ijumaa, na hakuwa mtu wa kumwachilia mwenzake aende hivihivi.

Siku iliyofuata Dallas wakashinda, katika muda wa nyongeza. Balthazar alipiga ukelele uliomwamsha Jeannette, na Jumatano aliingia kliniki akitabasamu. Dorothea alikuwa amevaa jezi ya kijani. Siku ile walikula biskuti walizokatazwa, na Kezia akajifanya haoni. Ilikuwa furaha ya siku mbili. Timu ikapoteza tena, na hata ilipokuja kushinda, wengine walishinda pia. Baada ya Pasaka Elvire alikuja na simu mkononi, akakaa karibu na baba yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akamjibu kwa Kiswahili: "Baba, hesabu zimekataa. Hata wakishinda zote zilizobaki, hawaingii."

Ijumaa kiti cha jirani kilikuwa kitupu. Kezia alimfungia Balthazar mipira ya mashine bila utani, kisha akamwambia taratibu, "Ame-decide, Mzee. Mimi pia nilijaribu kumwongelesha." Rimoti ilikuwa juu ya kiti. Hakuna aliyewasha televisheni.

Jumapili Elvire alimpeleka baba yake Grand Prairie, kwenye nyumba ndogo ya matofali ya Dorothea. Binti aliyetoka Houston aliwafungulia. Dorothea alikuwa kitandani sebuleni, uso umevimba kidogo, akisinzia na kuamka. Alimtambua.

"Jana ilikuwa mechi ya mwisho," akanong'ona. "Nililala. Nani kashinda?"

"Dallas."

Dorothea akafumba macho, mabega yakatikisika. Binti yake alishtuka akadhani ni maumivu, kumbe anacheka. "Sasa ndio wanashinda," akasema. "Wapumbavu wale."

Balthazar alikaa naye saa nzima. Kiingereza kilimtoka kabisa. Alimshika mkono, akasali moyoni kwa Kirundi, akaondoka Dorothea alipopitiwa na usingizi.

Mama Dorothea alifariki siku tano baadaye. Mazishi yalipangwa Jumatano, saa nane mchana, kwenye makaburi alikozikwa mumewe, mwendo wa zaidi ya saa moja kaskazini. Balthazar aliomba abadilishiwe siku. Kezia alipiga simu huku na huku, akarudi na uso umeshuka: viti vyote vilikuwa na watu. Balthazar akasema basi ataruka siku moja ya mashine. Jeannette akamkumbusha mwaka uliopita, alipokosa Ijumaa moja tu, na maji yakajaa mapafuni, akalazwa siku sita. "Nenda ukitaka," akamwambia, machozi yakimlenga. "Sitakuzuia. Lakini ujue."

Hakwenda. Jeannette aliomba ruhusa kazini akaenda kwa niaba yake, na Elvire akaendesha. Saa ile ambayo huenda kule walikuwa wanafukia, Balthazar alikuwa amelala chali, sindano mbili mkononi, na kwenye kiti cha jirani mzee mmoja mgeni alikuwa anauliza jinsi ya kutafuta stesheni ya mapishi.

Jioni Jeannette alikuja kumchukua akiwa bado na gauni jeusi.

"Watu walikuwa wengi?"

"Tisa, pamoja na sisi. Mmoja wao aliuliza sisi ni nani kwa marehemu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema ni watu wa kiti cha jirani," alisema Jeannette, akawasha gari.