Seli Namba 417

Pale maabara walimwita Bi Tone, maana miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kudondosha dawa tone kwa tone, na hakuwahi kukosea hata tone moja. Siku aliyoletewa chupa namba 417, aliisoma namba mara tatu.

Namba ile ilikuwa kwenye karatasi aliyoitia sahihi dada yake mkubwa hospitalini, miezi miwili kabla ya kufa, akiruhusu kipande cha uvimbe wake kitumike kwa utafiti. "Wachukue tu, mdogo wangu," alisema huku akicheka. "Mgeni huyu mimi kanishinda, labda wao watampa notisi." Dada alikuwa na mwaka wa tatu kaburini. Seli za uvimbe wake zilikuwa hapa, kwenye kabati lenye joto la mwili, zikila na kugawanyika.

Hakumwambia mtu. Akaanza kazi.

Walichokuwa wakijaribu ni peptidi: kijimnyororo cha asidi amino tisa tu. Protini nayo ni mnyororo wa namna hiyohiyo, ila mrefu mno. Peptidi ile haiingii ndani ya seli. Huelea majini ikijikunja na kujikunjua, mpaka igongane na kipokezi, protini iliyochomoza kwenye utando wa seli, yenye umbo la kuipokea. Vikishikana, kipokezi hujipinda, upande wake wa ndani husogea, na habari hupokezanwa huko ndani hadi ghala la kalsiamu lifunguke. Bi Tone alikuwa ameshahamishia seli kwenye sahani na kuzitia rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu.

Alidondosha tone la peptidi, akainamia hadubini. Giza. Alipohesabu sita, seli moja iliwaka kijani, kisha jirani yake, kisha sahani nzima, kama mtaa uliorudishiwa umeme. Zikafifia. Zikawaka tena.

"Dada," ikamtoka.

Mtafiti mkuu, mama mpole aliyekuwa nyuma yake, akauliza, "Waongea na nani?"

"Na hizi."

"Zinajibu?"

"Zinajibu. Ila si mimi. Zinaijibu peptidi."

Alijua vizuri kwamba seli haina sikio wala kumbukumbu. Lakini kujua ni kitu kimoja na moyo ni kingine. Akawa anawahi kazini kabla ya wenzake, anafungua kabati, anazitazama tu. Nyumbani akisikia ndala zikiburuzwa ukumbini kama alivyoziburuza dada, hageuki, akichelea kukuta hakuna mtu.

"Mbona unarudi kama mtu aliyetoka msibani?" mama yake akamuuliza. Akamweleza yote. "Kwa hiyo mwanangu hajamaliza kufa," mama akasema.

"Si yeye, mama. Ni ule uvimbe, ndio uliomuua."

"Uvimbe uliota kwenye mwili niliouzaa mimi."

Kesho yake Bi Tone alimweleza mtafiti mkuu, na chupa ile akapewa mwenzake. Majaribio yakaendelea hadi yakaisha, seli zilizobaki zikatakiwa kuuawa kwa dawa ya kuondolea madoa ya nguo. Mtafiti alimwita kando. "Kazi hii anaweza kuifanya mwingine, dada yangu."

"Hapana. Nitaifanya mimi."

Alimimina, akabaki pale mpaka seli zilipobanduka zote chini ya sahani na kuelea kama vumbi. Akanawa mikono, akarudi nyumbani. Mama alijisogeza kwenye benchi, akampa nafasi.