Nepi Kavu

Juzi binti yangu alinionyesha nepi ya mtoto wake huku akicheka. "Mum, ona, tangu asubuhi haijaloa. Huyu hanisumbui kabisa." Papo hapo nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua, na nyumbani kwake hapakuwa na pasi iliyowashwa.

Nilikuwa mdogo, tukiishi Kivaa, na ndugu yangu alikuwa amezaliwa tu. Susu, nyanya yetu, alikataa nepi za dukani. Alichana shuka lake kuukuu kuwa nepi, akisema kitambaa kilichozeeka hakimkwaruzi mtoto. Mimi nilizifua, yeye akazipiga pasi ya makaa.

Mchana huo joto lilikuwa kali hata kuku walinyamaza chini ya ghala. Kila nilipochungulia, mtoto alikuwa ametulia, nepi yake kavu. Nilifurahi mno. Nikamkimbilia Susu. "Leo sifui! Mtoto ameshika adabu."

Susu hakucheka. Aliiacha pasi juu ya nepi, akamgusa mtoto utosini, pale palipokuwa pamebonyea, kisha akamtia kidole mdomoni. Hakunyonya. "Mtoto amekaukiwa maji. Ita mama yako," alisema polepole. Mimi nilibaki nikiitazama nepi ikitoa moshi, nikidhani hiyo ndiyo hasara ya siku ile.

Mama alirudi kutoka hospitali akiwa na shuka tupu alilokuwa amembebea mtoto.

"Mum, kuna nini?" binti yangu aliuliza. Mkono wangu ulikuwa tayari utosini mwa mjukuu wangu.

"Vaa viatu," nikamwambia.